Kokwa Mia na Thelathini

Kila alfajiri, baada ya kuswali, Kulthumu binti Ramadhani alitia kokwa moja ya chikichi katika chungu kidogo alichokificha nyuma ya mtungi wa mawese. Aliitia polepole, kwa vidole viwili, ili isilie. Hesabu hiyo alifundishwa na mama yake, mzaliwa wa Ujiji, angali msichana. Mwanamke aliyefiwa na mume huhesabu eda yake kwa kokwa, moja kwa kila siku. Hukaa ndani, amevaa nguo nyeupe, hatii wanja wala hajipaki manukato, hatoki ila kwa dharura, mpaka zitimie kokwa mia na thelathini. Siku hiyo wanawake wenzake humwosha, huzichukua kokwa zake wakazimwaga ziwani, na tangu hapo ulimwengu humjua kuwa ni mjane aliyetimiza haki ya mumewe.

Chungu cha Kulthumu kilikuwa na kokwa mia na kumi na nne. Hata hivyo hakuvaa nyeupe. Alijifunga shuka jekundu, akatia wanja machoni, akajitwika kibuyu cha mawese, akashuka sokoni Rumonge kama mke wa mtu aliye hai.

"Amahoro, mke wa Bakari!" Chausiku, muuza ndagala, alimpokea kwa sauti ya kusikika na soko zima. "Hebu tuambie, serikali imemwoa mumeo? Idi Kubwa imepita hatukumwona. Maulidi yanabisha hodi, naye hajaonekana!"

"Yuko Muhuta, anafyeka."

"Muhuta imekuwa Makka? Mtu akienda harudi mpaka awe haji?"

Wanawake wakacheka mpaka vichanja vya samaki vikatikisika. Kulthumu naye akacheka, kwa kuwa mke ambaye mumewe yu hai hucheka akitaniwa.

Mambo yalianza hivi. Ugonjwa wa malale ulipoingia katika ukingo wa Tanganyika, serikali ya Wadachi iliamuru vichaka vyote vya ufukweni vifyekwe, kuanzia Rumonge kwenda kaskazini hata Muhuta, ili mbung'o wanaoueneza wakose kivuli. Kazi ilikuwa ya mshahara. Fedha zilitoka Usumbura katika kasha la bati, pamoja na chumvi na majora ya nguo. Kila mfyekaji alipewa kipande, yaani karatasi ngumu yenye jina lake na vyumba thelathini vilivyochorwa kwa mistari. Siku aliyofanya kazi, chumba kimoja kilitiwa alama. Vyumba vilipojaa, alilipwa.

Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Mustafa bin Salehe, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyewahi kuwatumikia Wadachi huko Tabora. Hakuwa akida kwa barua yoyote, ila watu walimwita Akida kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Mikeka mipya ya msikiti aliinunua yeye. Taa ya msikiti ilikuwa sadaka yake. Hapakuwa na ndoa wala hitima Rumonge ambayo hakukaa mbele.

Bakari bin Sefu, mume wa Kulthumu, alikuwa mchonga makafi. Mikono yake iliujua mti kuliko ilivyoyajua majani, lakini makafi hayakulipa, naye akaenda kufyeka. Mwezi wa tatu akaanza kusinzia huku amesimama, panga mkononi. Kisha akawa anasinzia huku anakula. Alifia katika kibanda cha wafyekaji, kwenye mlango wa mto Dama. Akida akamzika alfajiri, yeye na wachukuzi wawili ambao kesho yake walipelekwa mbali. Ndipo akaja kwa Kulthumu.

"Mumeo hatunaye," alimwambia kabla ya kuketi. "Mungu amempumzisha. Lakini nisikilize, mwanangu. Amekufa kwa malale. Ukipaza kilio, Bwana Mkubwa atajua kwamba nyumba hii ina ugonjwa. Itachomwa moto, nawe utapelekwa kambini, udungwe sindano mpaka macho yako yafe. Wayataka hayo?"

"Siyataki, Bwana Akida."

"Basi lia ndani ya moyo. Mungu husikia hata huko."

Kulthumu akalia ndani ya moyo. Mwisho wa mwezi Akida akamletea kipande cha nguo, kibaba cha chumvi na rupia moja. "Posho ya marehemu," alisema. Ghala lilikuwa tupu, na njaa haina heshima. Kulthumu akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mwezi wa pili Akida alileta tena, na safari hii Kulthumu akajiuliza ni marehemu gani alipwaye posho miezi miwili baada ya kuzikwa. Akafahamu. Kipande cha Bakari kilikuwa kingali kikitiwa alama. Mumewe alikuwa hai katika karatasi, anafyeka, anachoka, analipwa. Akida akila rupia mbili, yeye akila moja. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kula, hakujua kwa kinywa kipi angesema. Rupia ya kwanza ilikuwa huruma. Ya pili ilikuwa kamba.

Ndipo akaanza kuona kile hasa alichokiuza. Bakari hakusomewa hitima. Hakuna aliyesema "Mungu amrehemu" likitajwa jina lake; walisema "msalimie." Yeye mwenyewe hakuwa mke wala mjane. Nguo nyeupe ilikuwa imekunjwa sandukuni, nazo kokwa zilikuwa zikiongezeka chunguni, shahidi wa pekee wa kwamba mtu fulani alikufa.

Siku ya mia na kumi na tano, Akida alibisha hodi mchana kweupe. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, anayenuka samaki.

"Huyu ni Amuri," Akida alisema, "mchukuzi kutoka ng'ambo ya Uvira. Bwana Miwani anakuja baada ya juma moja."

Bwana Miwani ndivyo watu walivyomwita Mdachi aliyekuwa akitumwa kutoka Usumbura kukagua ufyekaji na kuidhinisha malipo. Kwa kawaida hakuja. Alikaa Usumbura, akaletewa daftari, akatia sahihi.

"Safari hii anakuja mwenyewe," Akida aliendelea, "naye atapanga watu nyumba kwa nyumba, mume na mke pamoja, awapapase shingo kutafuta matezi ya malale. Litakapoitwa jina la Bakari, Amuri ataitika. Wewe utasimama ubavuni mwake. Basi. Ni kusimama tu, wala hapana dhambi katika kusimama."

Kulthumu alimtazama Amuri. Amuri akaangalia vidole vya miguu yake.

"Na Bwana akiyapata matezi shingoni mwa huyu?" Kulthumu aliuliza. "Atapelekwa kambini kwa jina la mume wangu? Afie huko kwa jina la mume wangu?"

"Mimi sikuambiwa habari za kambi," Amuri akadakia. "Niliambiwa nguo, mikono minane."

"Nyamaza, utapewa kumi."

"Bwana Akida," Kulthumu akasema, "nimebakiza siku kumi na tano za eda. Mume wangu atangazwe. Sema alikufa juzi, sema alikufa jana, mimi sitabisha. Ila atangazwe."

Akida akatabasamu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Eda ipi, mwanangu? Eda ya wanja na shuka jekundu? Mji mzima umekuona sokoni unacheka. Na zile rupia tatu ulizokula, nizitangaze pia? Wadachi wanamtia mwizi wa mali ya serikali viboko ishirini na vitano, mwanamume. Mwanamke sijui, pengine watakuulizia Usumbura." Akasimama, akakung'uta kanzu. "Mimi na wewe tumo katika mtumbwi mmoja. Ukiutoboa upande wako, usidhani maji yatachagua."

Walipoondoka, Kulthumu alikwenda kwa Bi Biasha, jirani yake, bibi kizee mwenye meno mawili na ulimi wa watu kumi, ambaye ndiye aliyeosha maiti wote wa kike wa mtaa ule. Akamwambia yote, hata rupia tatu. Bi Biasha hakupiga yowe. Aliendelea kumenya chikichi, akasema:

"Nilijua."

"Ulijua, bibi?"

"Mimi naosha maiti miaka arobaini, nisiijue harufu ya msiba? Mke ambaye mumewe yuko safarini hutazama njia. Wewe hujatazama njia tangu mvua za kwanza." Akatupa ganda. "Umekula, umekula, hilo utajibu kwa Mungu. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua. Hesabu yako imefika ngapi?"

"Mia na kumi na tano."

"Basi huna haja ya kuniuliza cha kufanya. Una haja ya kuniuliza kama nina sabuni, uifue hiyo nguo nyeupe."

Siku ya mia na ishirini na mbili watu wa Rumonge walipangwa mbele ya kituo, wanaume mkono wa kulia, wake zao kushoto kwao. Bwana Miwani aliketi mezani chini ya turubai. Alikuwa kijana kuliko walivyomdhania, uso umebabuka kwa jua, na kila mara akilifuta jasho lililoitia ukungu miwani yake. Ubavuni mwake alisimama Abasi, askari mkalimani, na Akida alikuwa mezani pamoja nao, akiushikilia mfuko wa vipande.

"Bakari bin Sefu!"

"Hapa!" Amuri akaitika, akapiga hatua mbele. Upande wake wa kushoto palikuwa wazi.

Ndipo Kulthumu alipotoka nyuma ya kundi la wanawake. Alikuwa amevaa nyeupe tangu utosini hadi kisigino, uso hauna wanja, mikono haina bangili, na kifuani amekumbatia chungu. Mnong'ono ukapita katika safu kama upepo katika mabua. Hapakuwa na mtu wa Rumonge asiyejua maana ya mavazi yale. Chausiku, muuza ndagala, akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Kulthumu hakusimama karibu na Amuri. Alisimama mbele ya meza, akainamisha macho.

"Bwana anauliza," Abasi akatafsiri, "huyu si mume wako?"

"Mume wangu ni maiti. Leo ni siku ya mia na ishirini na mbili. Amezikwa Dama, kwenye mlango wa mto, bila kusomewa. Hesabu yake ni hii." Akaweka chungu mezani.

Akida akacheka kwa upole. "Bwana, masikini huyu ameshikwa na malale. Ugonjwa umempanda kichwani. Mumewe huyu hapa, naye hamtambui. Apelekwe kambini, tumsaidie."

Bwana Miwani aliondoka kitini, akamkaribia Kulthumu, akampapasa shingo kwa vidole vya baridi, chini ya masikio, juu ya mabega. Alipapasa kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa: hakuona tezi. Akarudi mezani, akanyoosha mkono kwa Akida. Akida akampa vipande vya Bakari.

Vilikuwa vitano. Vinne vilijaa alama, na cha tano kilikuwa na alama mbili tu. Bwana Miwani akamwamuru Abasi amwage kokwa mezani azihesabu. Abasi alizihesabu kumi kumi, kwa sauti, na watu waliokuwa mbali wakasogea. Alipofika mia na ishirini na mbili, haikubaki kokwa isiyohesabiwa, na hesabu ikalingana na alama za vipande.

Akida alikuwa ameanza kipande kipya siku ileile aliyomzika Bakari, na kwa tamaa, au kwa uvivu, alikuwa ametia alama kila kulipokucha. Wafyekaji walio hai walipumzika Jumapili kwa amri ya Wadachi, na siku ya Idi Kubwa waliiomba wakapewa. Bakari peke yake hakupumzika. Alifyeka Jumapili zote. Alifyeka siku ya Idi, wakati Akida mwenyewe amekaa safu ya kwanza msikitini juu ya mikeka yake mipya.

"Wewe nani?" Bwana Miwani alimwuliza Amuri, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

"Amuri, Bwana! Mchukuzi wa samaki! Mimi sijui kufyeka hata nyasi za kwetu!" Amuri akajibu, kisha, pasipo kungoja ruhusa, akageuka na kutimua mbio kuelekea ufukweni, na watu wengine wakacheka kwa hofu.

Bwana Miwani hakucheka wala hakuagiza afuatwe. Alikuwa amefungua daftari la malipo. Kulthumu, aliyesimama karibu, aliona ukurasa ule ambao hakujua kuusoma: majina mengi, safu baada ya safu, na chini ya kila ukurasa sahihi moja, ileile, yenye mkia kama wa mjusi. Bwana Miwani alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Kila palipokuwa na mkia wa mjusi, mkia wa kalamu yake mwenyewe, kidole chake kilisita. Akamtazama Akida. Akida naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na woga usoni. Ulikuwa uso wa mtu aliyekumbuka kwamba katika mtumbwi wamo watatu.

Jua lilizidi kupanda. Mtoto mmoja akalia, akanyamazishwa kwa titi. Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akachovya kalamu, akaandika neno moja mbele ya jina la Bakari, akalikausha kwa kuvuta pumzi na kulipulizia.

"Ameandika nini?" Kulthumu alimwuliza Abasi.

Abasi alichungulia.

"Mtoro."

"Nini?"

"Ameandika kwamba Bakari bin Sefu alifanya kazi mpaka jana, akalipwa kwa haki, na leo ametoroka." Abasi aliyasema maneno hayo huku akitazama juu ya kichwa chake. "Na sheria ya mtoro, mama, unaijua. Mke hushikwa mpaka mume arudi."

Walimfungia katika ghala la kituo, chumba cha matofali mabichi kilichowekewa mapanga na chumvi, chenye mlango mmoja na upenyo chini yake usiozidi upana wa kiganja. Bwana Miwani aliondoka kesho yake kwa mashua, na kasha lake la bati, kurudi Usumbura. Kokwa alirudishiwa zote; Abasi alizikusanya moja moja kutoka mezani na vumbini, akamletea pamoja na chungu.

Kulthumu alikaa gizani akafikiri. Mumewe, aliyekufa, hatarudi. Basi naye hatatoka. Ilikuwa hesabu nyepesi, isiyohitaji kokwa. Alipofikiri zaidi aliona jambo la ajabu: kwamba kwa siku mia na ishirini na mbili alikuwa amezunguka sokoni huku amefungwa, na sasa, nyuma ya mlango wa serikali, alikuwa amekaa ndani, amevaa nyeupe, haonani na mwanamume yeyote, kama sheria ya eda inavyotaka. Alfajiri akatayamamu kwa vumbi la ukuta, akaswali, akatia kokwa ya chikichi aliyoletewa na Bi Biasha.

Siku ya mia na ishirini na sita Akida alikuja peke yake, akachuchumaa nje ya mlango, akasema kupitia upenyo.

"Mwanangu. Wapata chakula?"

"Bi Biasha ananiletea."

"Nimekuja kukutoa. Jambo lenyewe ni dogo. Utamwambia Abasi kwamba Bakari alivuka kwenda Uvira usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, na kwamba uliyoyasema uliyasema kwa uchungu wa kuachwa. Mtoro aliyevuka ng'ambo yumo mikononi mwa Wabelgiji. Serikali haiwezi kumdai mkewe. Nami nitakupa nauli ya kwenda kwenu Ujiji. Leo hii. Jua halijazama utakuwa mashuani."

Ujiji palikuwa na nyumba ya baba yake, na mlango unaofunguliwa kutoka ndani. Aliuona mlango ule waziwazi, hata komeo lake la mti.

"Nikisema hivyo," akauliza taratibu, "Bakari atakuwa hai mpaka lini?"

"Swali gani hilo?"

"Nauliza. Wewe ndiye umhuishaye. Atakuwa hai huko Uvira mpaka lini?"

"Mtu aliyetoroka hana mwisho," Akida alisema kwa kukereka. "Yuko tu."

"Basi nami nitakuwa mke wa mtu aliye tu. Siku nitakayokufa wataulizana, mumewe yuko wapi, mbona hakuja kuzika? Naye amelala Dama anangoja mtu amwambie kwamba amekufa." Akakisogeza chungu karibu na magoti yake. "Nilikula rupia tatu, Bwana Akida, na nimelipa. Ya nne sitaki."

"Utaozea humo!"

"Humu mna chumvi tele. Sitaoza."

Alisikia pumzi za Akida, nzito, kisha nyayo zake zikienda.

Bi Biasha alipoleta chakula jioni ile aliambiwa yote. Hakuuliza zaidi ya swali moja: "Kwa hesabu yako, ya mia na thelathini itaangukia Alhamisi?" Akaambiwa ndiyo. Asubuhi yake alikwenda kwa Mwalimu Hamissi, aliyesomesha watoto Kurani na kuswalisha msikitini. Kisha akazunguka mtaa wote, nyumba hata nyumba, na mwishoni akaingia uani kwa Akida, akazungumza na mkewe kwa sauti kubwa ili mume asikie chumbani.

"Alhamisi ni siku ya kumtoa eda Kulthumu. Hitima itasomwa uwanjani pa kituo, maana mwenye eda hawezi kutoka. Watu wote watakuwapo. Mwambie Bwana Akida tunamwekea nafasi yake ya mbele, kama siku zote. Asipokuja watu watauliza, na mimi, unijuavyo, ninapoulizwa hujibu."

Alhamisi mikeka ya msikiti ilitandikwa mbele ya ghala. Mwalimu Hamissi alimwendea Abasi kuomba ruhusa. Abasi akajikuna kidevu.

"Niliamriwa mwanamke asitoke," akasema. "Sikuamriwa Kurani isiingie." Akaiegemeza bunduki yake ukutani, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka.

Kupitia upenyo Kulthumu aliona magoti tu na mikunjo ya kanzu. Wanawake walimsukumia maji katika sinia pana, kidogo kidogo, na sabuni, na ubani uliowaka ndani ya kigae. Akaoga gizani, katikati ya mapanga. Nje juzuu ziligawanywa, sauti zikapanda na kushuka kama nyuki wa mzinga mmoja. Kisha alisikia sauti zikipungua, na watu wakisogea kumpisha mtu. Akafahamu kwamba Akida amekuja. Angefanyaje? Asingekuja, mji ungejua kwamba anaiogopa hitima. Kuja nako kulikuwa na mlango mmoja tu.

Kisomo kikaisha. Ilikuwa desturi yao kwamba mkubwa wa mji, anayekaa mbele, ndiye amtajaye marehemu anayepelekewa thawabu, na Mwalimu hafungi dua kabla ya kusikia jina.

"Mkubwa wetu," Mwalimu Hamissi akasema, "hitima hii ni ya nani?"

Akida alikohoa. "Tuwaombee maiti wote wa Kiislamu, Mwalimu. Wote wana haja."

"Wote tutawaombea baadaye. Ndani ya mlango huu yumo mwanamke aliyemaliza eda. Eda ya nani?"

Mahali fulani kuku aliparua. Kupitia upenyo Kulthumu aliona mkono mnene ukishika ukingo wa mkeka, ukiukunja, ukiukunjua: mkeka alioununua kwa jasho la Bakari, na la wengine ambao majina yao hakuna aliyeyajua ila yeye na daftari. Mkono huo ulikuwa unatoka jasho.

"Bakari," Akida akasema.

"Hatukusikia, bwana," Bi Biasha akapaza sauti kutoka upande wa wanawake. "Wengine sisi ni wazee."

"Marehemu," Akida akasema, na neno lile lilitoka kama jino, "Bakari bin Sefu."

"Mungu amrehemu!" uwanja mzima ukaitika. Abasi askari naye akaitika; akiwa ndiye sikio la serikali pale Rumonge, alisikia vizuri.

Kulthumu alilia. Hakulia ndani ya moyo. Alilia kwa sauti, kama mke anavyomlilia mume, na nje wanawake wakampokea, wakalia naye kilio cha siku mia na thelathini. Kilipotulia, alizipitisha kokwa chini ya mlango, viganja kwa viganja. Bi Biasha akazipokea katika ungo. Ziwa halikuwa mbali. Wanawake waliteremka nazo, na Kulthumu akiwa ameweka sikio ukutani alizisikia zikianguka majini kwa pamoja, kama mvua iliyokatika upesi.

Watu wakakunja mikeka. Akida aliondoka bila kuaga, na hakuna aliyemsindikiza. Abasi alibaki. Alivaa viatu, akachukua bunduki, akaja mlangoni.

"Bi Kulthumu."

"Naam, baba."

"Ufunguo ninao. Amri sina. Kitabu cha Bwana kingali kinasema ni mtoro, na mimi ni mtu wa kitabu. Nitaandika barua Usumbura. Niliyoyasikia nitayaandika. Ila barua itasomwa na Bwana Miwani."

"Najua."

"Unisamehe."

"Sikuwa naomba ufunguo," Kulthumu alisema. "Niliitwa mjane leo?"

"Umeitwa. Mji mzima umekuita."

"Basi."

Jioni Bi Biasha alimsukumia chakula: ugali wa muhogo, ndagala wawili waliotoka kwa Chausiku bila malipo, na chikichi za kuchemsha. Kulthumu alikula polepole, akazinyonya chikichi mpaka zikabaki kavu, akazifuta kokwa zake kwa upindo wa nguo nyeupe.

Kulipokucha aliswali. Halafu akakivuta chungu, kilichokuwa kitupu, akachagua kokwa moja, akaitia, ya kwanza katika hesabu ya kifungo chake. Safari hii hakuijali ikilia. Ililia, na Abasi, aliyekuwa nje ya mlango, akaisikia.